Nani Alikwambia Usafishe

Mkadiriaji wa bima alikuja wiki moja baada ya moto, akakuta jiko linang'aa. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya maziwa, sakafu imesuguliwa hadi vigae vikarudia weupe wake, na kwenye kona palipokuwa na friza mbili pamewekwa meza yenye kitambaa kilichopigwa pasi. Hata dirisha lililopasuka kwa joto lilikuwa limetiwa kioo kipya. Mama Mchuzi, aliyepewa jina hilo na wateja kwa sababu hawakuwa wakija kwenye baa ile kwa ajili ya bia peke yake, alisimama mlangoni akifuta mikono kwenye aproni. Masikini, alikuwa akisubiri kusifiwa.

Mkadiriaji alikuwa mwanamke wa rika lake, mwenye kamera shingoni na viatu vya mtu aliyezoea kukanyaga majivu. Alizungusha macho, akatazama viatu vyake, kisha akamtazama mwenye jiko.

"Palipoungua ni wapi?"

"Ni hapa, dada."

"Mama, mimi nimetumwa kuangalia moto."

"Na ndipo hapa ulipowaka. Ulianzia pale kwenye mpira wa gesi, ukarukia karai la mafuta, ukashika dari. Friza zote mbili ziliyeyuka. Tumesafisha tu."

"Friza ziko wapi?"

"Tulimpa mtu wa vyuma chakavu. Zilikuwa zinanuka."

"Jiko lenyewe?"

"Nalo alilichukua huyo huyo."

"Dari iliyoungua?"

"Mbao zile tulizichoma," alisema Mama Mchuzi, na hapo hapo akasikia jinsi maneno yake yalivyokuwa ya kipumbavu. Mkadiriaji hakucheka. Afadhali angecheka. Alipitisha kidole ukutani, akakinusa, akauliza rangi ilipakwa lini. Aliambiwa siku ya pili baada ya moto.

"Siku ya pili," alirudia. "Watu wakiunguliwa hulia. Nyinyi mlienda kununua rangi."

Mume wa Mama Mchuzi, ambaye mtaa mzima ulimwita Meneja na yeye mwenyewe akaridhia kuitwa hivyo hata kitandani, alikuwa amesimama nyuma na chupa ya soda aliyomfungulia mgeni. Soda ilibaki mkononi mwake. Alisema mkataba wao ni wa baa na mgahawa, bima kamili, ada wamelipa bila kukosa, na siku ile ile ya moto walimpigia wakala simu, naye akasema poleni, nitapita. Mkadiriaji alimjibu kwamba ada haina tatizo. Tatizo ni kwamba mkataba unamtaka mwenye mali aache mahali palipoungua kama palivyo mpaka pakaguliwe, na mwenye mali anayefuta ushahidi kwa mikono yake anakuwa amejifutia fidia.

"Kwani unadhani tulichoma wenyewe?" aliuliza Meneja.

"Mimi sidhani kitu. Nitaandika nilichokiona. Nimeona jiko safi."

Alipiga picha mbili, moja ya meza na moja ya dirisha jipya, akaondoka.

*

Kusema kweli, asiyemjua Mama Mchuzi hawezi kuelewa alichokifanya. Watu wengine wana ugonjwa wa pombe, wengine wa maneno. Yeye alikuwa na ugonjwa wa usafi. Sufuria yenye doa ilimnyima usingizi. Na siku ya moto, majirani walijazana dirishani na simu zao, wakapiga picha masizi, wakapiga picha minofu iliyoungana na plastiki, wakacheka kwamba kumbe ndivyo wanavyolishwa. Alisikia mmoja akisema atahamia ng'ambo ya barabara, kwenye baa ya mpinzani. Maneno yale yalimchoma kuliko moto. Alikodi watu wawili, akajifunga kitambaa puani, wakasugua kutwa mbili. Aliposimama kupumua, Meneja aliingia na madebe mawili ya rangi begani. Rangi ile alikwenda kuichagua yeye mwenyewe. Alisema ya maziwa ndiyo inayofungua hamu ya kula.

Jioni ya ukaguzi, walikaa kwenye meza ya kona, wao wawili na wifi, dada mkubwa wa Meneja, aliyekuwa akishika kaunta. Wateja walikuwa wanne tu, na wote walikuwa wanakunywa bila kula.

"Nani alikwambia usafishe?" aliuliza Meneja.

Mama Mchuzi alidhani amesikia vibaya. "Unasemaje?"

"Nauliza. Nani alikutuma?"

"Baba watoto, rangi alinunua nani?"

"Rangi ni rangi. Mimi nilikuta umeshaanza. Ningefanya nini, niache ukuta nusu?"

"Na mtu wa vyuma chakavu alipakiziwa na nani?"

"Alipakiziwa kwa sababu ulishavitoa vitu nje."

Wifi alishika tama, akaguna. "Mimi tangu mwanzo nilisema huyu wa kwetu atatusafisha mpaka atusafishie na riziki. Mtu gani anaosha moto?"

"Wifi, ulikuwa na ndoo mkononi."

"Nilikuwa nakusaidia. Ningekataa ungesema nakuchukia."

"Si unanichukia?"

"Sasa hivi, ndiyo," alisema wifi, bila kuinua sauti, akaenda kufungua bia ya mteja.

Friza zile zilikuwa za mkopo wa benki, pamoja na jiko na viti vyote vya mbele, na dhamana ya mkopo ilikuwa nyumba wanayolala. Bila fidia, benki ingeuza nyumba. Hilo lilijulikana kwa wote watatu, na hakuna aliyelitaja. Meneja alifungua vifungo vya shati lake kimoja kimoja kama mtu anayekosa hewa, akasema kesho yake mkewe aende kwa mtu wa chakavu akarudishe alichotupa. Alisema "ulichotupa", si "tulichotupa", na Mama Mchuzi aliliona neno hilo likipita, akaliacha.

*

Mtu wa vyuma chakavu alikuwa ameketi juu ya injini ya lori, akinywa chai. Alipoelezwa shida, alitoa meno nje.

"Kwa hiyo unataka kununua uchafu wako."

"Nataka vile ulivyochukua kwetu. Nikurudishie pesa yako."

"Pesa yangu ilikuwa ya kununua uchafu. Sasa hivi ni ushahidi. Ushahidi una bei yake." Alikunywa chai. "Shemeji, wewe si ndiye uliyenifokea siku ile kwamba nakuchafulia sakafu na viatu vyangu?"

"Ni mimi."

"Basi pita, jichafue na wewe."

Alimwacha atafute mwenyewe. Mama Mchuzi alipanda juu ya lundo la mabati na vitanda, akajikata kwenye kiganja, akageuza mabomba na magurudumu. Jiko lilishakwenda kuyeyushwa. Friza zilikuwa zimekatwa vipande. Alichokipata ni mlango mmoja, umejikunja na kuota malengelenge meusi. Alilipa mara tatu ya bei waliyouzia friza nzima, akakosa hela ya kukodi mkokoteni, akaubeba kichwani.

Njia nzima watu walimtazama. Mwanamke aliyekuwa akisifiwa kwa aproni nyeupe alitembea katikati ya mtaa, masizi yakimchuruzika shingoni kwa jasho, na jirani mmoja aliyekula mchuzi wake kwa mkopo mwezi mzima akamwuliza kama siku hizi anauza milango. Alipita na mlango wake. Alijua akifungua mdomo atamtukana mpaka mama yake.

Meneja alipeleka mlango ule kwenye ofisi ya bima kwa pikipiki. Alirudi nao. Aliambiwa kuwa mlango wa friza ulioungua hausemi uliungulia wapi, na kwamba wana siku chache za kuleta maelezo kabla faili halijafungwa.

"Umenidhalilisha," alimwambia mkewe. "Nimesimama mapokezi na mlango. Walinzi wamenicheka."

"Mimi nimetembea nao kichwani."

"Wewe hakuna anayekujua."

*

Wakala wa bima ndiye aliyeleta dawa. Kijana huyu alivaa tai hata Jumapili, na tangu awauzie bima alikuwa akila pale bure, nyama mara mbili, akisema "wekeni kwenye hesabu yangu" kwa hesabu ambayo haikuwahi kuwepo. Siku hiyo alikula viazi na mchuzi uliopikwa kwenye jiko la mkaa nyuma ya nyumba, akafuta midomo, akavuta kiti karibu na Meneja.

"Nimeongea na watu. Faili linaweza kupona."

"Sema, ndugu yangu."

"Mkataba unasema mwenye mali asiguse. Sawa? Haujasema mfanyakazi. Mfanyakazi akikosea kwa akili yake mwenyewe, bila kutumwa, hilo si kosa la mwenye mali. Bima inalipa."

"Mfanyakazi gani sasa? Waliosafisha ni vibarua, mtaa mzima unajua waliletwa na..."

Wakala alimtazama Mama Mchuzi kwa adabu nyingi, kama mtu anayetaka kuongezewa nyama. "Mama, jina lako kwenye mkataba halipo. Leseni haipo. Benki ulisaini kama mke, si kama mwenye biashara. Kwa karatasi, wewe hapa huna kitu."

"Nina jiko."

"Kwa karatasi, mama."

"Na wewe hukutuambia tusiguse," alisema. "Ulipigiwa simu ukasema poleni, nitapita. Ungepita siku hiyo, haya yangekuwepo?"

Wakala alirekebisha tai. "Ndiyo maana nataka tulimalize wote tukiwa salama."

"Wote nani?"

Meneja alikohoa. Alitazama chupa zilizopangwa ukutani, akazitazama moja moja, akasema kwamba ni maneno tu. Ni karatasi ya siku moja. Wataandika kuwa mke ni mfanyakazi wa usafi, alijichukulia hatua mume akiwa safarini, basi, pesa inaingia, maisha yanaendelea.

"Wa usafi," alisema Mama Mchuzi.

"Tukisema mpishi watauliza mpira wa gesi nani aliukagua mara ya mwisho," alieleza wakala. "Wa usafi hana maswali."

"Wifi, si jina tu?" alisema wifi kutoka kaunta. "Nyumba ikiuzwa utaitwa nani?"

Hakuna aliyempaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Walimwambia wazi, watu watatu kwa mmoja, huku mmoja wao akiwa bado ana mchuzi wake kwenye kidevu. Mama Mchuzi aliona hasira ikimpanda, kisha akaona kitu kibaya zaidi, kwamba walichosema kinaingia akilini. Watoto walikuwa wanalala katika nyumba ile. Aliondoa sahani ya wakala mezani kabla hajamaliza mfupa, akaenda kuiosha.

*

Ofisini waliketi upande mmoja wa meza, mkadiriaji upande wa pili. Feni ilikuwa inazunguka bila kuleta upepo. Meneja alieleza safari ambayo hakusafiri, na aliieleza vizuri, pamoja na basi lililoharibika njiani. Mkadiriaji aliandika bila kumkatiza.

"Na huyu mama ni nani katika biashara yako?"

"Mfanyakazi."

"Nilidhani ni mke wako."

"Ni mke pia. Lakini pale ni mfanyakazi. Wa usafi."

"Wa mwezi au wa kutwa?"

Meneja hakuwa amefundishwa swali hilo. Hata hivyo hakufikiri. "Wa kutwa."

"Kwa kiasi gani?"

"Elfu tatu."

Jibu lilitoka haraka mno, na hilo ndilo lililomuumiza Mama Mchuzi. Angebabaika kidogo, angetazama dari, angetaja kubwa kisha akapunguza, angemsamehe. Vibarua waliosugua masizi walilipwa elfu tano kila mmoja. Alijiuliza bei ile ilikuwa imekaa wapi miaka yote hiyo mpaka ikatoka bila kutafutwa.

Mkadiriaji alimgeukia. "Mama, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Hakuna aliyekutuma kusafisha?"

"Hakuna."

"Rangi je? Mtu wa elfu tatu kwa siku alinunua madebe mawili ya rangi ya mafuta?"

Meneja alibana miguu chini ya kiti. Hapo ndipo pangeweza kuharibika. Mama Mchuzi alijua kuwa akitamka neno moja tu la kweli, uongo wote ule ungemwagika juu ya meza, na nyumba nayo. Alitamani sana kulitamka.

"Niliikuta stoo," alisema.

Mkadiriaji aliweka kalamu chini. Hakuwa mjinga, na alitaka wajue hivyo. "Hii kazi nimeifanya muda mrefu. Nimeshaona wanaume wakileta wake zao hapa kuwa wapishi, wahudumu, walinzi. Mimi nahitaji karatasi iliyosainiwa, na hii itanitosha. Ila nikuambie kitu, mama. Ukisaini hapa, siku ukitaka kusema baa ile ni yako pia, iwe kwa hakimu au kwa mashemeji, karatasi hii itatolewa ikukane."

"Sisi ni mume na mke," alisema Meneja. "Hatuwezi kufika huko."

"Sikuongea na wewe."

Mama Mchuzi alisubiri. Alimpa mume wake muda wa kusema neno, lolote lile, hata la uongo. Meneja alimsogezea kalamu.

Alisaini.

*

Fidia ililipwa. Benki ilipewa chake, nyumba ikabaki, na jikoni likaingia jiko jipya la plate sita lenye oveni, friza mbili kubwa kuliko zile za mwanzo na dohani ya kuvuta moshi. Meneja alitangaza kwamba watafungua upya Jumamosi. Alikodi spika, akamwalika wakala, akaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje kwamba mchuzi umerudi. Wiki nzima alikuwa mchangamfu, na kila alipomsemesha mkewe alijibiwa kwa adabu, basi akadhani yamekwisha. Nyama aliileta mwenyewe Ijumaa, akaipanga kwenye friza.

Jumamosi asubuhi Mama Mchuzi aliingia akiwa na ufagio wake. Alifagia mbele, akafagia jikoni, akapiga deki, akafuta jiko jipya mpaka likaonyesha uso wake. Alilitazama sana. Lilikuwa jiko zuri, na mikono ilimuwasha kuligusa vinginevyo. Kisha alikamua kitambaa, akakianika, akavua aproni.

Watu walikuwa wameshaanza kukaa. Wakala alikuwa meza ya kona na tai yake, leso ameitandika mapajani. Wifi alikuwa akipokea oda kwa sauti: michuzi mitatu, nyama za kukaanga mbili, samaki mmoja. Mama Mchuzi alipita katikati ya meza mpaka kaunta, akasimama mbele ya mume wake.

"Nimemaliza, bosi."

Meneja alicheka. "Umemaliza nini? Watu hao wanataka kula."

"Kazi yangu nimemaliza. Naomba ya leo."

"Ya leo nini?"

"Elfu tatu."

Wa meza za karibu waligeuza shingo. Meneja alimtazama usoni akitafuta utani, hakuupata. Alitazama wateja, akafungua droo, akatoa noti ya elfu tano kwa sababu hakuwa na ndogo, akamnong'oneza: "Chukua yote, nenda kapike, acha kuniaibisha."

"Sina chenji," alisema. Aliirudisha noti juu ya kaunta, akamgeukia wifi. "Wifi, nivunjie."

Wifi aliivunja ile noti, akazihesabu zile ndogo mara mbili. Mama Mchuzi alichukua elfu tatu, akaziacha mbili, akatoka.

Meneja alimkuta nje, karibu na ubao wa chaki. Alimshika mkono, akauachia alipoona watu wanamtazama.

"Unanifanyia nini? Jiko lote lile nimenunua kwa ajili yako."

"Umenunua kwa ajili ya baa yako."

"Nani atapika?"

"Tafuta mpishi."

"Mpishi ni wewe. Kila mtu anajua mpishi ni wewe. Baa hii tumeijenga wote, mama watoto, unataka niseme mara ngapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuisema. Ilimgusa, hawezi kukataa. Macho yalimjaa machozi pale pale barabarani, akayafuta kwa kiganja kilichokatwa na mabati.

"Mara moja inatosha," alisema. "Nenda kaiseme ofisini kwa yule dada, aiandike. Ukirudi, nami naingia jikoni."

Meneja aligeuka kutazama mlango wa baa. Kule ndani kulikuwa na friza mbili, oveni na dohani, na vyote vilikuwa vimenunuliwa kwa ile karatasi.

"Unajua siwezi," alisema.

"Najua."

Alikunja aproni, akaitia kwapani, akashika njia ya nyumbani. Ndani ya baa mtu alianza kugonga sahani kwa kijiko, kisha mwingine akamfuata.